Sanamu ya Mtu ni Mali ya Nani?

Liko swali ambalo mtu akilisikia mara ya kwanza huliona dogo, na akilala nalo usiku mmoja huamka akaliona limekua. Nalo ni hili: mtu akipigwa sanamu, ile sanamu ni mali ya nani? Ni ya yule aliyeshika chombo, ama ni ya yule mwenye uso? Wengi hujibu upesi ya kuwa ni ya aliyeshika chombo, kwani ndiye aliyekinunua, ndiye aliyesafiri nacho, na ndiye aijuaye kazi yake. Jibu hili lina haki ndani yake. Mfinyanzi akisha kufinyanga chungu twasema chungu ni chake, ingawa udongo aliuchimba bondeni kwa watu wote. Lakini uso wa mtu si udongo wa bondeni. Una mwenyewe, naye angali akiutumia.

Wazee wetu walisema sanamu kwa kila mfano wa kitu, uwe wa mti, wa udongo au wa karatasi. Siku hizi twasema picha, neno tulilolipata kwa Waingereza, na sanamu tumeiachia ile ya kuchongwa tu. Mimi nitayatumia yote mawili, kwani lile la zamani lina uzito ambao hili jipya halina. Tena sisi tusomao Injili twakumbuka jinsi Bwana alivyoulizwa habari ya kodi, akaomba aonyeshwe fedha, akawauliza wale watu sanamu iliyo juu yake ni ya nani. Fedha ile ilifuliwa na mafundi wengine, ikapita katika mikono ya watu elfu, na hata hivyo mwenye sura alikuwa na dai lake. Watu wa Newala nao waliijua sura ya Kaisari mwingine, Wilhelm wa Wadachi, iliyopigwa juu ya rupia, amevaa kofia ya vita yenye tai juu yake. Waliujua uso wake kwa kuushika mkononi siku ya kulipa kodi, wala yeye hakuujua uso wa hata mmoja wao. Basi, ikiwa Kaisari ana dai juu ya sura yake, mama wa Newala hana?

Nasema mama wa Newala kwa sababu maalum. Mwaka 1906 alikuja huku kwetu Mdachi mmoja mwenye elimu, jina lake Dr. Karl Weule, mtu wa nyumba ya makumbusho ya mji wa Leipzig. Hakuwa amekusudia kuja kusini. Alitaka kwenda pande za Kondoa Irangi, lakini huko kulisikika habari za fujo, na wakubwa wa serikali wakamwelekeza huku. Alishuka Lindi mwezi wa Juni, akafika Masasi mwezi wa Julai, akakaa Chingulungulu, kisha akapanda uwanda wetu wa Makonde akakaa Newala na Mahuta, hata mwezi wa Novemba akateremka tena Lindi. Alifuatana na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na askari wa serikali wenye bunduki. Katika mizigo yake mlikuwa na vyombo vitatu ambavyo watu wa huku hawakuvizoea: cha kupigia picha, cha kunasia sauti juu ya nta, na cha sinema, cha kunasia mwendo. Alipiga picha za nyuso, za nyumba, za ngoma, za wanawake wenye ndonya midomoni na nembo usoni, za wanawake wa Kiyao wenye vipini puani. Mwaka 1908 alitoa kitabu kwa Kidachi, na mwaka 1909 bibi mmoja Mwingereza, Alice Werner, akakitafsiri kwa Kiingereza. Zile sauti zilipelekwa Berlin zikawekwa pamoja na sauti za mataifa mengine, na mwaka 1999 shirika la UNESCO liliiandika hazina hiyo ya Berlin katika orodha ya kumbukumbu kuu za dunia. Kwa hiyo wale waliomwimbia Mdachi yule wamo katika kumbukumbu za dunia nzima, na wajukuu wao wengi hawana habari.

Sasa yatupasa kukumbuka hali ya nchi ilivyokuwa mwaka ule. Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi mwezi wa Julai 1905, na kabla ya mwezi wa Agosti kwisha majengo ya misheni Masasi yalikuwa yamechomwa moto. Weule alipofika, mwaka ulikuwa haujatimia. Kulikuwa na njaa, na Lindi kulikuwa na wafungwa wenye minyororo shingoni, nao pia aliwapiga picha. Nami nataka msomaji atulie hapa kidogo. Tuseme mwanamke amepanda kutoka kisimani bondeni, na kila mtu wa uwanda huu ajua kupanda huko ni kazi gani, chungu kichwani, mtoto mgongoni. Anaambiwa asimame. Akida ametoa amri, askari yuko kando, na Mzungu ameingiza kichwa chake katika kitambaa cheusi. Anaambiwa aangalie mbele, kisha ageuke aonekane kwa ubavu. Je, ameombwa? Huenda alipewa hata senti moja au mbili, au chumvi, au shanga. Lakini kumwomba mtu asiyeweza kukataa hakuna tofauti kubwa na kumwamuru, ila kwa sauti tu.

Wako watakaosema, mwalimu, wewe wakuza mambo. Picha haimuumizi mtu. Yule mama alishika njia akaenda zake, akapika ugali, na jioni akawasimulia wenziwe wakacheka. Inawezekana. Mimi mwenyewe napenda kufikiri ya kuwa walicheka sana. Lakini picha haikubaki pale ilipocheka naye. Ilisafiri mpaka Leipzig, na huko waliitazama watu wasiojua ya kuwa palikuwa na kicheko. Waliona uso uliokazwa, macho yaliyofumbuliwa, na midomo haina tabasamu, nao wakasema, hawa ni watu wakali. Kumbe waliyoyaona hayakuwa ukali wa Wamakonde. Yalikuwa ni woga wa sanduku. Mpiga picha aliuleta woga ule yeye mwenyewe, akaupiga picha, akaupeleka kwao kama mali ya nchi hii.

Hapa ndipo swali linapogusa ile amri ya kutomshuhudia jirani uongo. Maana twadhani uongo ni kusema lisilokuwako. Lakini picha ya mama yule haina kitu kisichokuwako. Ndonya ilikuwako, imechongwa kwa mti na kusuguliwa vizuri. Nembo zilikuwako, na fundi aliyezichanja alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Nguo iliyochakaa ilikuwako. Kila kipande ni cha kweli, na jumla yaweza kuwa si ya kweli. Mgeni akija Newala akapiga picha za misiba yetu tu, mazishi ishirini, na asipige hata arusi moja, hakuna picha hata moja itakayokuwa ya uongo, na atakayezitazama zote ataondoka akiamini ya kuwa Newala hawacheki. Ushuhuda hufanywa kwa kuchagua kama unavyofanywa kwa kusema, na mwenye kuchagua ana jukumu la alichokiacha.

Na yako maneno yaliyoandikwa chini ya picha, ambayo kwangu mimi ndiyo makubwa kuliko yote. Katika kitabu kile wakubwa wachache wana majina yao. Matola ana jina, Nakaam ana jina. Lakini wengi wameandikwa kabila na mahali tu: mwanamke wa Kimakonde, wanawake wa Kiyao, kijana wa Kimakua. Ni kana kwamba mtu apige picha ya mbuyu. Mbuyu mmoja watosha kuonyesha mibuyu yote, na hakuna haja ya kuuliza jina. Yule mama alikuwa na jina alilopewa alipozaliwa, na jina alilopewa alipotoka unyagoni, na wanawe walimwita mama fulani. Majina matatu, na hata moja halikuonekana kufaa kuandikwa. Wino wa kuandika jina ni sawasawa na wino wa kuandika kabila; haukuwa ukosefu wa wino. Ilikuwa ni kwamba mwandishi hakuja kumtazama mtu. Alikuja kutazama aina.

Lakini nisimhukumu Weule kwa upande mmoja, kwani nami nitakuwa nafanya lile ninalolilaumu. Alifanya jambo moja ambalo wengi wa wakati wake hawakulifanya: aligawa karatasi na kalamu za risasi kwa wapagazi na kwa watu wa vijijini, akawaambia wachore watakalo. Wakachora. Mnyamwezi mmoja katika wapagazi, aliyeitwa Pesa Mbili, alichora msafara ulio njiani. Mwingine, Sabatele, mtu wa Mambwe, alichora ramani ya barabara kuu ya misafara pamoja na vituo vyake, kwa kukumbuka tu, bila kipimo wala dira. Wako waliochora wanyama, ngoma, nyumba. Na yeye mwenyewe, waliyemwita Bwana Pufesa kwa kushindwa na neno profesa, alichorwa pia, naye hakukasirika. Aliitia ile michoro katika kitabu chake pamoja na majina ya wachoraji. Tazama ajabu hii. Mwafrika aliposhika kalamu, jina lake likaandikwa. Aliposimama mbele ya chombo, jina likapotea. Mtu ni yule yule.

Tena watu wa uwanda huu hawakungoja kupewa kalamu ndipo wachore wageni. Wamakonde ni mafundi wa kuchonga tangu zamani, na katika vinyago vyao vya midimu, vile vivaliwavyo katika ngoma za jando na unyago, mna nyuso za watu wa kwao na mna nyuso za wageni pia: Mwarabu mwenye ndevu, Mhindi, Mzungu mwenye pua ndefu na kofia. Je, walimwomba Mzungu ruhusa? Hawakumwomba. Basi mtu aweza kusema, ngoma ni droo: wao walitupiga picha, sisi tuliwachonga, tumelipana. Hoja hii ni nzuri ya kuchekesha barazani, lakini haisimami. Kinyago huchezwa mbele ya watu wajuao ya kuwa ni mchezo. Na Mzungu aliyechongwa aliweza kupita njiani kesho yake, watu wakamwona ya kuwa pua yake si ndefu kiasi kile. Mama wa Newala hakuweza kupita katika njia za Leipzig. Tena hakuna mtoza kodi, wala hakimu, wala mkuu wa wilaya aliyepangiwa mshahara na cheo kwa kufuata kinyago kilivyomwonyesha. Lakini wako waliotutawala kwa kufuata vitabu vya picha.

Nitatoka kidogo nje ya nchi yetu, kwani jambo hili halikuwapata watu wa kusini peke yao. Huko Marekani liko taifa la Washawnee, waliokaa zamani katika bonde la mto Ohio. Walikuwa na shujaa wao, Tecumseh, aliyejaribu kuyaunganisha mataifa ya wenyeji wasiuze ardhi tena. Aliuawa vitani tarehe 5 Oktoba 1813, katika nchi ya Kanada. Ndugu yake, Tenskwatawa, alikuwa mtu wa unabii, naye husimuliwa ya kuwa aliwaahidi wapiganaji ulinzi juu ya risasi za Wazungu, jambo ambalo sisi wa kusini hatuhitaji kufafanuliwa. Yule nabii, baada ya kushindwa, aliishi miaka mingi, na wachoraji walimchora. James Otto Lewis alimchora, na mwaka 1830 George Catlin naye akamchora, wote wakionyesha jicho lake moja lililopofuka tangu ujana. Picha nyingi za wakubwa wa wenyeji wa Marekani zilikusanywa Washington, zikachorwa kwa rangi na Charles Bird King, na tarehe 24 Januari 1865 nyumba zilimowekwa ikashika moto, karibu zote zikateketea. Zilibaki nakala zilizokuwa zimechapwa vitabuni. (Hata Leipzig yalikuwa yayo hayo: usiku wa tarehe 4 Desemba 1943 mabomu yaliangukia mji, na nyumba ya makumbusho ikaungua, vitu vingi vikapotea. Mtu akijidai ya kuwa achukua vitu vya wenziwe ili avihifadhi, na aikumbuke mioto hii miwili.)

Lakini Tecumseh, yule shujaa mkuu, hakuacha picha iliyokubaliwa na wataalamu ya kuwa ilichorwa mbele ya uso wake mwenyewe. Watu waliumia kwa hilo. Basi mwaka 1868 mwandishi mmoja, Benson Lossing, akatoa picha. Kichwa alikitoa katika mchoro wa kalamu ya risasi, uliosemwa ya kuwa ni wa mfanyabiashara Mfaransa wa kama mwaka 1808. Na mwili akauvika koti la jemadari wa Kiingereza, kwa kudhani ya kuwa alikuwa na cheo hicho. Mtu aliyekufa akitetea nchi ya baba zake akavikwa nguo za mfalme wa watu wengine, na hata leo ndiyo sura inayochapwa mara nyingi. Lossing hakuwa adui yake, alimsifu. Hapo naona ya kuwa hata upendo waweza kushuhudia uongo, ukiwa hauna saburi.

Nasi tulikuwa na mtu wa namna ile hapa hapa uwandani, Machemba Myao, aliyekaa Luagala. Mwaka 1890 Wissmann, mkuu wa Wadachi, alimwita aje kumtii, naye akajibu kwa barua ya Kiswahili ya kuwa kwa urafiki yu tayari, lakini kuwa mtumwa wa mtu mwingine hakuona sababu yake, kwani yeye ni mkuu katika nchi yake kama Wissmann alivyo katika yake. Wadachi walimpiga kwa miaka kadhaa, hata mwaka 1899 akavuka Ruvuma akaingia nchi ya Wareno. Mtu aisomapo barua ile amwona Machemba kuliko ambavyo picha ingeweza kumwonyesha. Alijichora mwenyewe, kwa maneno aliyoyachagua mwenyewe, na hakuna askari aliyesimama kando yake kumwambia ageuke ubavu. Wakati mwingine wanafunzi huniuliza alikuwa mrefu au mfupi. Nawaambia someni barua.

Wala tusidhani ya kuwa wenye kosa ni serikali na watu wa makumbusho tu. Misheni zilizotulea nazo zilitupiga picha. Misheni yetu ya Universities' Mission ilianza gazeti lake Uingereza mwaka 1883, likiitwa Central Africa, na magazeti ya namna hiyo, ya misheni hii na ya nyingine nyingi, yalitiwa picha za watoto na wanafunzi wetu ili Wakristo wa huko wapate kujua kazi na kutoa sadaka. Sadaka zile zilijenga shule na hospitali, na mimi ninayeandika haya nilipata elimu kwa njia hiyo. Sitautukana mti niliokula tunda lake. Lakini nasema kweli, mtoto aliyepigwa picha kwa ajili ya kuombewa sadaka hubaki mwombaji katika picha ile hata baada ya kuzeeka na kuwa na shamba la mikorosho na wajukuu. Wako waliopigwa mara mbili, kwanza na matambara, kisha na kanzu nyeupe, ili tofauti ionekane. Yule wa matambara alikuwa na mama aliyempenda, na tofauti ile iliyotakiwa ionekane ilimfuta mama huyo. Nia ilikuwa njema. Mtu aweza kupokea zawadi kwa shukrani na bado akasema ya kuwa ilifungwa katika karatasi isiyomfaa.

Sasa nije kwa jambo lililo mlangoni petu, kwani pasipo hilo nisingeishika kalamu. Katika shule moja ya huku mwalimu kijana alichapa baadhi ya picha za kitabu cha Weule akazibandika ukutani ili watoto wajifunze habari za wazee wao. Watoto wakacheka. Waliona ndonya wakaziba midomo, na mmoja akamwita mwenzake kwa jina la dhihaka, kwa sababu bibi wa bibi yake alikuwa na ndonya. Wazazi wakaja. Wengine wakataka picha zibanduliwe zichomwe, wakisema ni aibu, ni mambo ya giza, na Mzungu aliyapiga ili kutucheka. Wengine wakasema ni kiburi kuwaficha wazazi. Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda mrefu akasema neno ambalo sijalisahau: “Wale wanaotaka kuzichoma wamekubaliana na yule aliyecheka.”

Nami naona mzee yule alikuwa na haki. Ndonya ilikuwa pambo, na mwanamke aliyeivaa hakujiona mbaya; alijiona amekamilika. Kwamba sisi leo hatuivai, na ya kuwa mwanamke wa sasa ana haki ya kutoivaa wala kuchanjwa pasipo kutaka, hilo halitulazimishi kumwonea haya yule aliyeivaa. Nami naona ya kuwa haya yetu hatukuirithi kwa wazee wetu, kwani wao hawakuwa nayo. Twaiona katika macho ya wale waliotazama picha, nasi tukaichukua kana kwamba ni yetu.

Lakini wale wazazi wengine nao walikuwa na haki katika jambo moja, na hapa ndipo mashauri yalipochukua muda. Baadhi ya picha zile zaonyesha mama zetu wakiwa na vifua wazi. Kwa desturi ya siku zile hapakuwa na ubaya. Lakini yule mama alikubali, kama alikubali, kutazamwa na watu wa desturi ile. Hakukubali kutazamwa na darasa la watoto wa desturi nyingine. Mimi nilishauri ya kuwa kila picha ipimwe kwa swali hili: je, ningeitundika kama ningejua kwa hakika ya kuwa kitukuu wake ameketi dawati la tatu? Maana hakuna atujuliaye ya kuwa hakuketi. Kwa kipimo hicho picha mbili ziliondolewa, pasipo kuchomwa, zikawekwa kabatini kwa wakubwa watakaotaka kusoma. Nyingine zikabaki. Na yale maneno ya chini, mwanamke wa Kimakonde, yakafutwa, yakaandikwa mengine: Bibi mmoja wa uwanda huu, mwaka 1906, jina lake halikuandikwa. Ni maneno machache, lakini tangu yaandikwe kicheko kimepungua. Mtoto asomapo ya kuwa jina halikuandikwa hujua ya kuwa lilikuwako.

Ziko nchi zidaizo leo kurudishiwa vitu vyao, nasi ni mmojawapo. Kinyago cha Kimakonde kilichoibwa katika makumbusho ya taifa Dar es Salaam mwaka 1984 kilionekana baadaye katika nyumba ya makumbusho ya Geneva, na mwaka 2010 kilirudishwa. Nafurahi. Ila kinyago ni kimoja, chaweza kufungwa katika sanduku na kupakiwa katika ndege. Picha haina urudisho wa namna hiyo, kwani ikisha kutoka huzaa nakala, na nakala huzaa nyingine. Ndiyo maana dai la mwenye uso laanza kabla ya picha kupigwa. Baada ya hapo limechelewa.

Na hili latuhusu sisi kuliko Wadachi. Weule alihitaji wapagazi na mizigo ili apige picha. Leo kijana wa Newala ana chombo chake katika mfuko wa suruali, na ndani ya simu hiyo mna picha, sauti na sinema pamoja. Nimeona mlevi aliyeanguka karibu na soko akipigwa picha na vijana watatu, na hapakuwa na wa nne wa kumwinua. Nimeona mwanamke mgonjwa wa akili akifanyiwa vivyo hivyo. Nimeona maiti akipigwa picha kabla mjomba wake hajafika kumwona, na mjomba akaupata uso wa marehemu katika simu, njiani, ndani ya basi. Hapakuwa na akida wala askari. Vijana wale, wakiulizwa kuhusu Mdachi aliyepiga picha wafungwa wenye minyororo, watamlaani kwa maneno makali. Waweza kumlaani, lakini na waniambie tofauti.

Mimi nawafundisha wanafunzi wangu mambo mawili tu katika hili. La kwanza ni kuomba, na kuomba mahali ambapo mtu aweza kukataa, yaani asiwe mgonjwa, asiwe mlevi, asiwe amezungukwa na watu. La pili ni kuandika jina. Nilipokuwa nikiyaeleza haya ya jina katika mkutano wa wazazi, yule mzee aliyenena habari ya kuchoma alisimama tena, akaegemea fimbo yake, akaniuliza, “Mwalimu, hilo la jina nimelipenda. Lakini mimi jina nililopewa na baba nililiacha jandoni, na la jandoni hawaniiti ila watu wa rika langu, nao wamekwisha. La ubatizo analijua padre, na wajukuu wananiita babu. Ukipiga picha yangu utaandika lipi?”

Nikamwambia, “Babu, utakalotaka wewe.” Akafikiri kidogo, akasema atanijibu wiki ijayo, kwani lazima kwanza amwulize dada yake.